Maneno Madogo ya Kiingereza Yenye Kazi Kubwa



Mtu akibeba kuni bila kuzifunga kamba, hafiki nazo nyumbani. Zitadondoka njiani moja moja. Maneno nayo ni hivyo hivyo. Yanahitaji kamba ya kuyafunga pamoja. Katika sarufi, kamba hiyo inaitwa kiunganishi.

Katika Kiswahili tunatumia viunganishi kila siku bila hata kuvifikiria. Tunasema: "Nilikwenda mnadani, lakini sikununua ng'ombe." Tunasema: "Niletee jembe au panga." Tunasema tena: "Sikuja kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa." Maneno "lakini", "au" na "kwa sababu" ndiyo kamba zenyewe. Yanaunganisha neno na neno, au habari na habari.

Leo tutajifunza kamba za Kiingereza.

KWA NINI TUJIFUNZE?

Pengine utauliza: Kiswahili si kinatutosha? Hilo ni swali zuri. Kiswahili ni lugha yetu. Hapa Tanzania, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Lakini bado maandishi mengi yanatufikia kwa Kiingereza. Tazama chupa ya dawa ya kuulia wadudu. Tazama pakiti ya dawa ya hospitali. Tazama kitabu kinachokuja na mashine ya kusaga. Tazama karatasi anayoileta mnunuzi wa mazao kutoka nchi nyingine. Tena watoto wetu wa sekondari wanasoma masomo mengi kwa lugha hiyo, na jioni wanatuuliza.

Mtu mzima anapoanza kujifunza Kiingereza, hukazana na majina ya vitu. Anajifunza kwamba maji ni "water", pesa ni "money" na dawa ni "medicine". Hiyo ni kazi nzuri. Lakini jambo la ajabu ni hili: unaweza kuyajua majina yote yaliyomo kwenye karatasi, na bado ukaelewa kinyume. Neno moja la herufi mbili tu linaweza kukupotosha. Mara nyingi neno hilo ni kiunganishi.

Kwa hiyo somo la leo lina shabaha moja: ukisoma karatasi ya Kiingereza, tafuta kwanza kamba. Uliza, kamba hii inafunga nini na nini?

KAMBA KUMI NA MBILI

Hizi hapa kamba kumi na mbili zinazotumika sana. Neno la kwanza ni la Kiingereza. La pili linaonyesha namna ya kulitamka, kwa kukisia. La tatu ni maana yake.

AND – end – na
OR – oo – au
BUT – bat – lakini
BECAUSE – bikoz – kwa sababu
IF – if – kama, ikiwa
UNLESS – anles – isipokuwa kama
WHEN – wen – wakati jambo linapotokea
WHILE – wail – huku jambo likiendelea
BEFORE – bifoo – kabla
AFTER – aafta – baada
UNTIL – antil – mpaka
ALTHOUGH – ooldhou – ingawa

Usiogope wingi wake. Hata Kiswahili chetu kiliwahi kuazima kamba za jirani. Maneno "lakini", "au", "wala", "ila" na "kabla" yana asili ya Kiarabu, na leo ni yetu kabisa. Mkazi wa Kigoma na mkazi wa Lindi wote wanayatumia. Basi mwenye lugha iliyojifunza kamba za wengine hashindwi kujifunza kumi na mbili zaidi.

Kuna pia alama hii: &. Huenda umeiona kwenye vibao vya maduka na makampuni. Maana yake ni "and", yaani "na". Ilitokana na neno la Kilatini "et", lenye maana hiyo hiyo. Waandishi wa zamani waliziandika herufi "e" na "t" kwa kuziunganisha, mpaka zikawa alama moja.

KISWAHILI HUFICHA KAMBA NDANI YA KITENDO

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Soma sentensi hii:

"Mvua ikinyesha, tutapanda."

Kamba iko wapi? Huioni ikiwa imesimama peke yake. Imefichwa ndani ya kitendo. Ni ile "ki" iliyomo katika "ikinyesha". Sasa soma kwa Kiingereza:

"If it rains, we shall plant."

Umeona? Kiingereza kimeitoa kamba nje ya kitendo. Imesimama peke yake: "if".

Tazama nyingine. "Mvua isiponyesha, hatutapanda." Hapa kamba yetu ni "sipo". Kiingereza husema: "Unless it rains, we shall not plant." Na tukisema "Alipofika, tulikula", kamba yetu ni "po". Kiingereza husema: "When he arrived, we ate."

Kwa hiyo sisi tumezoea kusikiliza kamba ndani ya kitendo. Tukisoma Kiingereza, macho yanakimbilia kitendo na kuliruka lile neno dogo lililo pembeni. Hapo ndipo maana inapotutoroka.

Jambo jingine: katika Kiingereza kamba kama "if" yaweza kukaa mwanzo wa sentensi au katikati. "If it rains, we shall plant." "We shall plant if it rains." Maana ni ile ile. Lakini angalia: "if" imeshikamana na mvua, haikushikamana na kupanda. Popote inapokwenda, inakwenda na mzigo wake.

"IF" NA "WHEN" SI NDUGU MMOJA

Sasa tuingie kwenye pesa. Chukua mfano wa wakulima wa pamba wanaoletewa karatasi. Karatasi ya kwanza imeandikwa hivi:

"The company will pay the farmers when it sells the cotton."

Karatasi ya pili imeandikwa hivi:

"The company will pay the farmers if it sells the cotton."

Zinafanana sana. Zinatofautiana neno moja tu. Sasa tuseme mkalimani ametafsiri zote mbili hivi: "Kampuni ikiuza pamba, italipa wakulima." Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi. Lakini "ki" yetu yaweza kubeba maana zote mbili, na hapo tofauti imezama.

Neno "when" linatazamia kuwa pamba itauzwa. Linalozungumzwa ni wakati wa kulipa. Neno "if" linasema huenda pamba ikauzwa, huenda isiuzwe. Isipouzwa, karatasi hiyo haijaahidi malipo. Hasara imehamishwa kutoka ghala la kampuni mpaka nyumbani kwa mkulima, na kilichoihamisha ni herufi mbili.

Tena hata "when" peke yake haitoshi. Haina tarehe. Mkulima mwerevu atasema: "Tunaomba siku ya mwisho ya kulipa iandikwe kwa tarakimu." Lakini hawezi kuyasema hayo kama hajaiona kamba.

"UNLESS" INA "SI" NDANI YAKE

Neno hili linawasumbua wengi. Ndani yake limebeba "if" na "not" kwa pamoja. Ni kama "sipo" yetu. Soma maneno haya ambayo yaweza kuandikwa kwenye karatasi ya dawa:

"Do not stop taking this medicine unless the doctor tells you."

Maana yake: Usiache kutumia dawa hii, isipokuwa kama daktari amekuambia uache. Ukijisikia nafuu, endelea. Jirani akikuambia acha, endelea. Ni daktari tu mwenye neno. Anayelisoma "unless" kana kwamba ni neno lisilo na kazi atabaki na "usiache dawa, daktari anakuambia", na hajui ni lini aache.

Kwa kuwa "unless" tayari ina "si", usiiongezee nyingine bila sababu. Ukitaka kusema "Usipokuja, nitaondoka", sema: "Unless you come, I shall leave." Usiseme: "Unless you do not come, I shall leave." Hiyo ya pili maana yake ni kwamba ataondoka akikuona umekuja! Umemgeuza mgeni kuwa adui.

KAMBA ZA WAKATI: "BEFORE", "AFTER", "WHILE", "UNTIL"

Hizi ni kamba za bwana shamba na za mganga wa zahanati. Zinasema nini kitangulie na nini kifuate.

"Read the label before you open the bottle." Soma maelezo kabla hujafungua chupa.

"Wash your hands after you spray." Nawa mikono baada ya kupiga dawa.

"Do not eat while you are spraying." Usile huku ukiwa unapiga dawa.

"Keep animals away until the spray has dried." Weka mifugo mbali mpaka dawa iwe imekauka.

Angalia sana "until". Neno hili ni kama ua au boma. Kila siku iliyo kabla ya pale palipotajwa iko ndani ya boma. Tuseme chupa ya dawa ya nyanya imeandikwa: "Do not harvest until 7 days after the last spray." Maana yake ni kwamba usivune mpaka zipite siku 7 tangu ulipopiga dawa mara ya mwisho. Si lazima ziwe 7 kwa kila dawa. Kila dawa ina siku zake, na siku hizo husomwa kwenye chupa yenyewe. Anayeliruka neno "until" ataona "vuna, siku 7" na kuvuna ndani ya wiki ile ile. Nyanya zitang'aa sokoni, lakini sumu bado imo. Watakaozila ni wateja wake, na pengine watoto wake.

"AND" NA "OR": NANI ATADAIWA?

Sasa tuzitazame kamba mbili ndogo. "And" hukusanya. "Or" huchagua. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza.

"The borrower and the guarantor must sign." Mkopaji na mdhamini lazima watie sahihi, wote wawili.

"The borrower or the guarantor must pay." Mkopaji au mdhamini lazima alipe. Hapa mlango wa kugonga ni wowote kati ya miwili. Mdhamini akiiona "or" hiyo aulize mapema: "Je, mnaweza kuja kwangu kabla hamjakwenda kwa mkopaji?"

Katika karatasi za mikopo ya vikundi kuna maneno mengine ya Kiingereza ya kuangalia: "jointly and severally". Maana yake ni "kwa pamoja na pia kila mmoja peke yake". Ukitia sahihi hapo, mwenye kudai anaweza kuwadai wote kwa pamoja, au akamdai mwanakikundi mmoja deni lote. Tazama ile "and" ya katikati. Imefunga mizigo miwili, wala haikukupa nafasi ya kuchagua mmoja.

LAKINI "OR" YAWEZA KUWA "WALA"

Sasa kanuni ya pili. Sikiliza mazungumzo haya ya babu na mjukuu wake anayesoma kidato cha pili. Wameshika chupa ya dawa ya kuulia wadudu. Imeandikwa: "Do not eat, drink or smoke while spraying."

Babu: Mjukuu wangu, hebu nisomee hapo.

Mjukuu: Imeandikwa, babu, usile, usinywe au usivute sigara unapopiga dawa.

Babu: Basi vizuri. Wamenipa nichague. Mimi sitakula, tena sitakunywa. Sigara yangu niachieni.

Mjukuu: Hapana, babu! Vyote vitatu vimekatazwa.

Babu: Sasa mbona umesoma "au"?

Babu ana haki ya kuuliza. Mjukuu alitafsiri neno, hakutafsiri kamba. Katika Kiingereza, "or" ikija baada ya katazo, yaani baada ya "do not", huwa na maana ya "wala". Tafsiri iliyo sawa ni hii: "Unapopiga dawa usile, usinywe, wala usivute sigara." Hakuna cha kuchagua hapo.

Basi kumbuka hivi. Pakiwa hakuna katazo, "or" ni "au". Pakiwa na katazo, kwa kawaida "or" ni "wala".

KAMBA NDOGO ILIYOFIKA MAHAKAMANI

Msidhani kwamba taabu hii ni ya wageni wa Kiingereza peke yao. Wenye lugha yao pia wamepelekana mahakamani kwa ajili ya kamba hizi. Nitataja kesi mbili za Marekani.

Kesi ya kwanza ilitoka katika jimbo la Maine, lililoko kaskazini mashariki ya nchi hiyo. Sheria ya jimbo ilisema mfanyakazi akipita saa 40 kwa wiki, alipwe mara moja na nusu kwa kila saa ya ziada. Lakini sheria ilitaja kazi kadhaa za vyakula ambazo hazimo katika haki hiyo. Mwisho wa orodha ya kazi hizo palikuwa na maneno haya: "packing for shipment or distribution". Yaani, kufungasha kwa ajili ya kusafirisha "or" kusambaza.

Madereva wa magari ya kampuni ya maziwa, Oakhurst Dairy, walidai malipo ya saa za ziada. Kampuni ilisema: kusambaza ni kazi inayojitegemea katika orodha, na ninyi madereva mnasambaza, kwa hiyo hampati. Madereva wakajibu: hapana, "or" hiyo imefunga kusafirisha na kusambaza ndani ya kazi moja, nayo ni kufungasha. Sisi hatufungashi, sisi tunaendesha magari.

Mambo yangekuwa rahisi kama kabla ya "or" pangekuwa na alama ya mkato. Alama hiyo ingeonyesha kuwa kusambaza ni kazi ya peke yake. Haikuwepo. Mahakama ya kwanza iliipa kampuni ushindi. Mwezi wa Machi 2017, mahakama ya rufani iliamua upande wa madereva. Majaji waliona maandishi yale yana utata, na katika jimbo lile utata wa sheria ya namna hiyo husomwa kwa kumlinda mfanyakazi. Mwaka 2018 pande mbili zilipatana, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Hayo yote kwa neno la herufi mbili na alama ya mkato iliyokosekana!

Kesi ya pili inahusu "and". Mwaka 2018 Marekani ilitunga sheria ya kuwapa nafuu baadhi ya watu wenye makosa ya dawa za kulevya. Jaji aliruhusiwa kumpa mtu kifungo kifupi kuliko kile kilicholazimishwa na sheria. Sharti lilikuwa kwamba katika makosa yake ya zamani mtu huyo asiwe na jambo la kwanza, la pili "and" la tatu. Akatokea mshtakiwa mmoja mwenye mawili kati ya hayo matatu. Akasema: sheria inamzuia mwenye yote matatu, kwa maana imeandika "and". Mimi sina yote, kwa hiyo nastahili nafuu. Serikali ikasema: hapana, ukiwa na hata moja tu umezuiwa.

Kesi hiyo, iitwayo Pulsifer dhidi ya Marekani, ilifika Mahakama Kuu kuliko zote nchini humo. Tarehe 15 Machi 2024, majaji 6 walikubaliana na serikali na majaji 3 walikataa. Fikiria jambo hilo. Majaji 9 waliosomea sheria, wote wanasoma neno moja, na hawakukubaliana. Mtu aliyekuwa akingoja jibu lao alikuwa akingoja kujua miaka ya kifungo chake.

Tunajifunza nini? Kwamba kuuliza maana ya "and" au "or" si dalili ya ujinga. Hata majaji wameuliza.

MAKOSA YANAYOTOKANA NA KISWAHILI CHETU

Sasa turudi darasani. Tunapoandika Kiingereza, mara nyingi tunafuata njia ya Kiswahili. Yako makosa manne ya kuangalia.

Kosa la kwanza ni kufunga kamba mbili panapotakiwa moja. Kwa Kiswahili tunasema: "Ingawa ni mzee, lakini analima." Masikio yetu yanakubali. Kiingereza hakikubali "although" na "but" pamoja. Sema: "Although he is old, he farms." Au sema: "He is old, but he farms." Chagua moja.

Kosa la pili linafanana na hilo. Tunasema: "Kwa sababu mvua ilinyesha, kwa hiyo sikuja." Kwa Kiingereza usiweke "because" na "so" kwa jambo lile lile. Sema: "Because it rained, I did not come." Au: "It rained, so I did not come."

Kosa la tatu ni la "mpaka". Mpaka yetu hutumika kwa wakati na kwa mahali. "Nilingoja mpaka jioni." "Nilitembea mpaka Dodoma." Lakini "until" ni ya wakati tu. Sema: "I waited until evening." Kwa mahali sema: "I walked to Dodoma." Usiseme "until Dodoma".

Kosa la nne ni la "na". Neno letu hili lina kazi nyingi. "Baba na mama wamekuja." Hapa "na" ni "and". "Baba amekuja na mama." Hapa ni "with", yaani pamoja naye. "Mtoto ameumwa na nyoka." Hapa ni "by", yaani aliyetenda. Ukiweka "and" katika sentensi ya mwisho, utakuwa umesema habari ya mtoto na nyoka waliokwenda pamoja.

NAMNA YA KUSOMA KARATASI

Ukipata karatasi ya Kiingereza, fuata hatua hizi:

1. Chukua kalamu. Usianze na maneno makubwa. Zungushia duara kila "and", "or", "but", "if", "unless", "when" na "until".

2. Kwa kila duara, uliza: kamba hii inafunga nini na nini?

3. Tazama kama kuna "not" karibu. Ikiwepo, soma tena polepole.

4. Mwombe mtu wa pili asome bila kumwambia wewe umeelewaje. Kisha linganisheni.

5. Mkitofautiana, msitie sahihi. Muulizeni aliyeileta karatasi. Mwombeni aiandike kwa Kiswahili, na tarehe na kiasi cha pesa viwekwe kwa tarakimu.

6. Kama ni dawa, muulize mganga, au bwana shamba, au mwenye duka la pembejeo, kabla hujafungua chupa.

Mwenye haraka ya kukutilisha sahihi atakuambia, "Hayo ni maneno madogo tu." Mjibu kwa heshima: "Ndiyo, ndugu yangu, na ndiyo maana nayasoma."

MAZOEZI

Jaza kila nafasi kwa neno moja. Kila neno litumike mara moja tu. Maneno ni: although, because, if, unless, until.

1. We shall sell the maize ___ the price is good.
2. Do not sign the paper ___ you understand it.
3. ___ she is old, she reads every day.
4. I did not go to the market ___ I was sick.
5. Wait here ___ I come back.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chenu, ni karatasi au chupa gani za Kiingereza zinazowafikia? Zileteni darasani na mzizungushie kamba zake.

2. Tuseme mkataba umeandikwa: "The buyer will take the maize if it is dry and clean." Mahindi yamekauka lakini yana takataka. Je, mnunuzi analazimika kuyachukua? Ni neno gani linalokupa jibu?

3. Je, mkataba huo ungeandikwa "dry or clean", nani angefaidika, mkulima au mnunuzi?

MAJIBU YA MAZOEZI

1. if. 2. unless. 3. Although. 4. because. 5. until.

Katika namba 2, "until" pia ingefaa. Ingemaanisha: usitie sahihi mpaka uielewe. Lakini tulihitaji kuitunza kwa namba 5. Ukipenda, lishike shauri hilo la namba 2 kwa kamba yoyote kati ya hizo mbili. Kwa zote mbili, kalamu inabaki mezani mpaka uelewe.